Chungu cha Maua Mlangoni

Shoga pokea simu. Pokea jamani!

Basi soma. Binti yangu na miaka yake tisa ana ule mchezo wa simu ambao watoto wanajijengea dunia zao. Leo kaniita kwa maringo: "Mama, njoo uone, nimejenga nyumba yetu!"

Nikaenda nikicheka. Kicheko kikanikauka mdomoni. Ni nyumba yetu shoga, NYUMBA YETU. Geti la bluu, dirisha lenye ufa, mpaka cherehani yangu. Mlangoni kaweka chungu cha maua, na ukikisogeza unakuta ufunguo.

Ufunguo! Pale pale tunapouficha!

Nikamuuliza nani mwingine ameona. "Wengi tu mama, mtu yeyote anaingia." Mtu yeyote! Nikamfutisha kila kitu hapo hapo. Nikajipa moyo kwamba hao ni watoto wenzake wa huko mbali, watatujulia wapi?

Ndipo akasema, wala hana wasiwasi: "Ila kuna mmoja alinisahihisha. Kasema chungu siku hizi kiko kushoto, siyo kulia."

Siku hizi, shoga. Kasema SIKU HIZI.

Chungu nilikihamisha mimi juzi nilipopiga deki. Hata mtoto mwenyewe alikuwa hajagundua. Nimechungulia dirishani sasa hivi, kweli kiko kushoto.

Njoo na mumeo, nakuomba. Tumejifungia chumbani na mtoto. Naogopa kwenda kukiinua.