Usiruke Wanapoeleza Gari Ni Nini

Kulwa mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Nyakato tu wazima, na mama yako amerudi salama kutoka Sengerema. Anayeandika ni shangazi yako, nami nimemwambia asipunguze ukali.

Unauza pikipiki yako ya matairi matatu, halafu unaniuliza kama ni lazima usome ukurasa mzima wa mkataba unaoeleza "chombo" ni nini. Umenikasirisha!

Nikiwa bado kijana, mimi na babu yako tuliuza pikapu yetu pale Kisesa. Karani wa mnunuzi akasema, "Dada, hapa wameeleza gari ni nini. Nisome?" Nikamcheka. "Gari silijui mimi? Ruka!" Tukatia dole gumba. Kumbe waliandika kwamba gari ni pamoja na kila kilichofungwa juu yake, na mashine yetu ya kusaga ilikuwa imefungwa kwa nati kule nyuma. Mnunuzi akaondoka nayo mchana kweupe, mwizi mwenye karatasi! Nimemlaani mpaka leo, lakini aliyesema "ruka" ni mimi.

Lile sanduku lako la barafu la samaki, si umelifunga juu ya hiyo pikipiki? Nipigie simu unisomee neno kwa neno. Kama sanduku limo kwenye maelezo hayo, walifute; wakikataa, usisaini.

Bibi yako, anayekupenda hata akifoka.