Treni Iliyokatwa Brugge

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Knokke
Tarehe: Jumatano, 14 Agosti 2019, saa saba na robo mchana
Jina: Rik Stoffels
Umri: Miaka 55
Kazi: Muuza chipsi, kibanda changu mwenyewe
Makazi: Leuven
Mwandikaji: Inspekta Nele Debruyckere

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari, ingawa ningependa zaidi kuwa Blankenberge namtafuta mama mkwe wangu, Bi Godelieve Aerts, mwenye umri wa miaka 79. Ana kisukari. Amejichoma sindano na hajala. Tafadhali liandike hilo kwanza.

Safari ilipangwa na mke wangu, Hilde, jikoni kwetu: tutoke Leuven jana, tulale Gent, leo tutembee Brugge, jioni tufike hapa Knokke kwa kaka yake, Dirk. Nilimwambia, "Nchi yenyewe mtu unaivuka chai haijapoa, wewe unaikatakata kama keki ya harusi." Mama akadakia, "Mwache mwanangu apange. Wewe panga chipsi zako, na hata hizo unaziunguza." Ndivyo tunavyozungumza siku zote. Hatujawahi kununiana.

Leo asubuhi Mama alikawia kanisani huko Gent, akimwashia mshumaa marehemu mumewe. Hilde akaamua tuiruke Brugge, tuje moja kwa moja tule mchana kwa Dirk. Dirk alisema kwenye simu kwamba nyanya zilizojazwa uduvi zimeshawekwa mezani. Tulipanda treni saa tano na dakika kumi. Ilijaa watu wa ufukweni, ndoo na mbwa. Tulipopita stesheni ya Aalter, Mama akatoa sindano yake ya insulini. Hilde akamwambia, "Mama, si usubiri tufike?" Akajibu, "Nikifika nataka kula, sitaki kufunua tumbo mbele ya nyanya za watu." Akajichoma.

Kisha akataka kwenda chooni. Nikainuka nimsindikize. "Kaa chini, Rik. Nimekwenda chooni miaka yote hii bila mlinzi." Watu walicheka. Na mimi nikacheka, nikakaa. Mkoba wake, wenye simu na vidonge vya glukosi vya kumpandishia sukari, ulibaki mapajani kwa Hilde. Choo cha behewa letu kilikuwa na foleni, nikamwona akivuka kwenda behewa la nyuma.

Sasa, Inspekta, wewe unajua na mimi najua: treni ile ikifika Brugge hukatwa. Nusu huja Knokke, nusu huenda Blankenberge. Kila mtoto wa huku anajua. Ndiyo maana kipaza sauti kilipotangaza, mimi nilikuwa namsimulia Hilde bei ya mafuta ya kukaangia. Mgeni angesikiliza. Sisi hatusikilizi, kwa kuwa tunajua. Nilijua treni inakatwa, na bado sikukumbuka kwamba Mama alikuwa nyuma ya pale inapokatwa.

Treni ilipoondoka Brugge, Hilde aliuliza, "Mama bado tu?" Nilikimbia hadi mwisho wa behewa. Mlango ulikuwa umefungwa, na kwenye kioo niliona reli tupu. Nilimwita mkagua tiketi. Alipiga simu Blankenberge papo hapo, na treni ilipofika huko walipekua mabehewa yote. Hayumo. Ameshuka na umati.

Dirk alitupokea hapa stesheni, akanikaba shati. "Umemtupa! Hukutaka akae kwenu!" Nikamwambia, "Shemeji, niachie. Utanipiga tukishampata." Hakuniachia mpaka askari wenu walipokuja. Yeye na Hilde wamekwenda Blankenberge kwa gari. Mimi nimewekwa hapa.

Umeniuliza kama ni kweli nilisema kwamba Mama akihamia kwetu mwezi wa tisa, mimi nitahamia kibandani. Ni kweli. Nilisema mbele yake, naye akajibu kwamba ataniletea mto. Chumba chake nimekipaka rangi kwa mikono yangu. Nampenda yule bibi. Sijawahi kumwambia, na sasa namwambia askari nisiyemfahamu.

Naogopa, Inspekta. Mtu ambaye sukari imemshuka huonekana kama mlevi, anapepesuka na kusema ovyo. Na watu wa ufukweni wakimwona mlevi humpisha tu.

Sina la kuongeza wala la kuficha, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nisomee upesi nitie saini.

Saini ya shahidi: ...........................

Maelezo ya afisa: Nilipokuwa nikimsomea shahidi maelezo yake, nilipokea simu kutoka kwa polisi wa Blankenberge. Bi Aerts amepatikana ameketi kwenye ngazi za nyumba moja nyuma ya stesheni, akitetemeka, hawezi kutaja jina lake. Wahudumu wa ambulensi wamempa sukari na fahamu zinamrudia. Wanasema tatizo ni moja: anagoma kuingia kwenye gari. Anawasihi wangoje kidogo, mkwe wake yuko nyuma yake, anakuja.

Nilimweleza shahidi hivyo hivyo kama nilivyoambiwa. Alitoka mbio bila koti lake. Nimemtuma dereva amfuate ampeleke. Hakutia saini.

N. Debruyckere, Inspekta