Kahawa Niliyowapa Wageni

Placidia jirani yangu, nimechoka. Mwanangu Rwegoshora ametoka hapa sasa hivi. Ananiita mpinzani. Mimi.

Jana wale wa chama kipya walipita kwangu, nikawapa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, kama ninavyompa mgeni yeyote. Leo wanatangaza sokoni Nkwenda kwamba nimejiunga nao. Kwa kahawa ya kutafuna! Basi hata kuku wangu ni wanachama, maana waliokota zilizodondoka.

Rwegoshora, si ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, anasema, "Mama, watanivua ubalozi. Simama mkutanoni useme wewe ni wa chama chetu."

Nikamjibu, "Kura yangu ni ya yule atakayeniuliza ninataka nini, kabla ya kuniambia mimi ni wa nani."

Akavaa kofia yake ya chama, akaondoka.

Hakuuliza, Placidia. Na nilimzaa mwenyewe.