Pale Mashine ya Pamba Ilipozimika

Mwangaluka, mjukuu wangu Kabula. Huku Ngulyati tu wazima, na mama yako amevuna choroko. Umeuliza kwa nini chama chetu cha wazee hakitaki mashine kuukuu ya kuchambua pamba iuzwe kama chuma chakavu.

Nilikuwa msichana, nimepeleka pamba kiwandani. Babu yako, fundi wa mashine ile, alipaza sauti kushinda ngurumo yake: “Minza, nataka nikuoe!” Papo hapo mashine ikazimika. Kiwanda kizima kikamsikia. Hakukimbia. Nikamjibu mbele ya watu: “Basi njoo kwa baba.”

Jumamosi iliyopita sisi wazee wa chama tuliipaka mashine ile grisi. Nikaweka mkono pale marehemu babu yako alipozoea kuweka wake. Ukija likizo, nitakuonyesha.

Bibi yako, Minza