Mbegu Zilizoshikwa na Homa

Kijiji cha Ujamaa, karibu na Bendera
Ijumaa, 4 Oktoba 1974

Dada yangu Rogathe,

Shikamoo. Habari za Shighatini, na kifua cha shemeji kimetulia? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hauna amani, nawe utanisamehe salamu zikiwa fupi.

Jumamosi iliyopita mama mdogo Dina, mtunza ghala wetu, alitia mkono katikati ya lundo la mbegu za mahindi, akautoa upesi. Zilikuwa za moto, zinatoka jasho. Tukajaribu kuotesha punje ishirini, zikaota tatu. Vuli imekaribia, njaa ya mwaka huu unaijua, na mbegu nyingine hatuna.

Katibu wetu, Bwana Paskali, akauliza hadharani ni nani huingia ghalani peke yake. Basi ikawa maneno: mama mdogo, bibi wa mlimani, kazitia moto wa uchawi. Kesho ni mkutano. Wanataka anyang'anywe shamba na afukuzwe kijijini, na kule mlimani tulikohamishwa nyumba yake haina hata nguzo.

Uchawi haupo, dada. Mbegu ni kitu hai, imejiwekea akiba ya wanga kwa ajili ya mche. Ikikauka huila akiba hiyo kidogo mno, kama mgonjwa anayeramba uji. Ikiwa na maji, chembe hai zake zote huamka, huvuta hewa na kuunguza wanga, na joto hubaki lundoni. Likizidi, huziua chembe zenyewe. Haya nilifundishwa chuoni, mimi bwana shamba wao.

Mbona basi nimekaa kimya? Njia ya mwongo ni fupi. Mbegu zile zilitoka shamba la mfereji zikiwa mbichi. Niling'ata punje, jino likazama. Lakini wageni wa wilaya walikuwa waje kuona ghala limejaa, nikaandika kwamba zimekauka, nikatia sahihi. Mama mdogo alinisihi tuzianike siku nne zaidi. Nilimkemea mbele za watu.

Hata leo hajanitaja. Wakimuuliza, anasema hajui. Jana nilimwangukia, akaniambia yeye ameshazeeka, mimi bado nina kazi. Nililia, dada.

Barua hii naitia posta sasa hivi, ili kesho mkutanoni nikishikwa na woga wa kusema kweli nikumbuke kwamba iko njiani kwako.

Nisalimie watoto na shemeji. Tayarisheni chumba kimoja. Mama mdogo asipokihitaji, nitakihitaji mimi.

Mdogo wako,
Anaeli