Punje ya Nyumba ya Mama

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Sasa hivi Kitufe kanichekesha, halafu kanitia baridi. Katoka na kikombe chake, kaenda hadi kwenye kile kizingiti cha mama kilichobaki peke yake baada ya mafuriko, kapiga hodi hewani. Kasubiri. Karudi. Miaka mitatu hajatimiza, bibi yake hakumwona hata siku moja. Kajuaje kuwa pale palikuwa na mlango?

Nisamehe, nimeanza na mtoto kabla ya salamu. Shikamoo. Mgongo bado unakusumbua na huo uashi? Sisi wazima, ila vikohozi vya hapa na pale.

Habari kubwa ni kwamba tumeulizwa! Miaka yote watu wa juu wana lami na mitaro, na maji yao yanashukia kwetu bondeni. Leo ndiyo mara ya kwanza tunaulizwa mtaro mkubwa upite wapi. Dada mmoja wa ofisi ya mipango katandika karatasi kubwa kama shuka kwenye sakafu ya darasa, akasema kila mtu aweke punje ya harage pale ilipo nyumba yake. Nikaweka yangu. Halafu nikajikuta nina punje ya pili mkononi, nikaiweka pale pa mama.

Seremala, jirani yetu, akaisogeza ya kwake kidogo kumpisha. Si unajua mpaka leo anaizunguka ile kona ya nyumba ya mama? Ukuta haupo, na bado anazunguka. Sote tunazunguka. Punje ile hakuna aliyeiondoa. Dada wa ramani akazichora zote kwa kalamu, akatusifu kwa umoja.

Mdogo wako


12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo ni wa kazi, nimlalamikie nani? Tuko ghorofa ya nne, vumbi la saruji nalala nalo na kuamka nalo.

Umefanya vizuri kuiweka. Nyumba ile niliijenga kwa mikono hii. Nikija nitaupaka mlango rangi ya bluu, ile anayoipenda. Mwambie Kitufe apige hodi kwa nguvu, bibi yake masikio mazito.

Msalimie mama.

Kaka yako


25 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kila barua unaniambia nimsalimie mama. Nami huwa naenda kweli, nasimama pale kizingitini nasema, mama, umesalimiwa. Safari hii sikuenda.

Mpango umebandikwa ukutani. Mtaro unashuka kutoka juu umenyooka kama uzi, ukifika kwa mama unakunja kona kuikwepa nyumba, na maji yote yanageukia mstari wetu. Milango saba. Wa kwanza ni wangu, na Kitufe analala upande huohuo.

"Tumempisha mama yenu," seremala kasema, "na yeye alivyokuwa hapendi kusumbua watu!" Tukacheka. Halafu muuza mkaa akaanza kulia, na kicheko kikaishia hapo.

Dada wa ramani anasema nyumba iliyowekwa na wenyewe haifutwi hivihivi. Watoto wote wa mwenye nyumba watie sahihi kwamba pale hapana nyumba wala mtu. Mimi nimetia. Karatasi ya kwanza niliiharibu, nikaomba nyingine. Ya kwako imo humu ndani. Mwisho ni mkutano wa tarehe 14 Aprili, wakati mvua zenyewe zimeshaanza kunguruma.

Ungekuwa unashika simu ningekupigia, lakini tangu mafuriko hutaki hata kuiona. Kaka, najua hatukumpata. Lakini pale hapana mtu. Nakuomba.

Mdogo wako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Karatasi imekaa chini ya mto wangu siku nane.

Nikuambie nisichomwambia mtu. Asubuhi ile mama alinipigia. Akasema maji yamefika kizingitini, je, atoke? Nikamwambia, kaa ndani mama, nyumba hiyo nimeijenga mimi, haiendi popote. Unamjua, akishaambiwa na mwanawe. Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

Nikiandika hapana mtu, basi ni mimi niliyemwambia akae. Ndiyo maana nilikuwa namsalimia.

Nimetia sahihi. Imepinda, waambie ni mkono wa fundi wasije wakaikataa. Ukishaiondoa ile punje usiitupe.

Mbusu Kitufe.

Kaka yako


14 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia hapa mlangoni mwa darasa. Karatasi yako imefika jana, nikaja nayo kifuani. Wameikubali ilivyopinda.

Leo asubuhi Kitufe kapiga hodi pale kama kawaida yake. Kasubiri. Halafu kaja kanishika sketi: "Mama, hakuna mtu." Wala sijamfundisha.

Watu wamejaa, hata wa juu wamekuja na viatu vyao visivyojua tope. Ile karatasi imetandikwa tena sakafuni na punje zote zimerudishwa. Seremala kaapa kuanzia leo hazunguki tena ile kona. Tumetoka nyumbani pamoja, tumefika pale, na sote tumezunguka. Kajicheka mwenyewe.

Lakini mtaro utanyooka, Kaka. Kitufe atalala pakavu, na ile punje nitaipanda kando ya kizingiti, tuone kama itaota. Barua yako safari hii haikuwa na salamu za mama, nikampelekea zangu.

Dada wa ramani ananiita, "Mama Kitufe, zamu yako, njoo uiondoe mwenyewe." Naenda. Ila hili ulijue, usilibebe peke yako. Siku ile alinipigia na mimi, baada yako. Aliniuliza hivyohivyo, nami nikamwambia, kaa mama, kama alivyosema Kaka.

Mdogo wako