Siku Kumi na Moja Sioni Saa ya Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo nitakalolijutia, maana namba ya binti yangu iko hapa mbele yangu na nataka kuifuta. Mimi ni fundi cherehani, mke wangu alishatangulia mbele ya haki, na huyo binti ndiye mtoto wangu wa pekee, na miezi minane iliyopita alipata kazi ya uuguzi mji wa mbali nami sikutaka aende, nikanuna wiki nzima, mpaka siku ya safari akaja mlangoni mwa kibanda changu na begi lake akasema, "Baba, mimi naenda," nikamjibu, "Haya," bila kuinua uso, nikawa nakanyaga cherehani kama mtu mwenye kazi ya haraka, na ukweli ambao sijamwambia mtu ni kwamba cherehani haikuwa na uzi, nilikuwa naficha machozi.

Tangu hapo hajaniandikia wala mimi sijamwandikia, lakini kila asubuhi nikiamka nafungua simu, natazama chini ya jina lake, naona alikuwa mtandaoni saa kumi na moja na dakika ishirini, basi najua ameamka mzima anakwenda zamu, moyo unatulia, nachemsha chai yangu. Leo siku ya kumi na moja ile saa haipo. Jina lipo, picha ipo, saa hakuna. Ni wiki ileile app ya ujumbe ilipoleta mambo mapya ya faragha, ambayo hata mimi niliyafurahia, maana kuna bibi harusi mtarajiwa nilimwambia niko msibani ndiyo maana gauni lake halijaisha, akaniandikia, "Pole fundi, ila huo msiba mbona unashinda mtandaoni?" nikaona aibu, nikaificha saa yangu ya mtandaoni wateja wasinione. Kumbe binti naye kayatumia hayohayo kumfungia mlango baba yake. Je, nifute namba nipumzike, au nimsubiri?

Fundi wa Kibandani

Fundi, ondoa kidole kwenye namba hiyo. Binti yako hajakufungia mlango, umejifungia mwenyewe. Hiyo app haina upendeleo: ukificha saa yako, na wewe huoni za wenzako. Huamini? Mtazame muuza vitambaa wako, mtazame shemeji yako. Hakuna hata mmoja mwenye saa. Umeshusha pazia halafu unalalamika kwamba nje hakuonekani.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, nawe uliyemchimbia ni mteja wa watu anayetaka gauni lake. Mzee mzima unazua msiba usio na marehemu. Nimecheka, halafu nimekuonea huruma, kwa sababu mtu anayeamka kila siku kutazama dakika ishirini za mwanawe si baba mwenye hasira. Ni baba anayempenda mtoto wake na hajui aanzie wapi.

Sasa sikiliza. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, rudisha saa yako ionekane. Bibi harusi akikuona, akuone. Dawa ya huyo ni kumaliza gauni, tena wiki hii. Kisha ujiulize kitu ambacho barua yako nzima haikuuliza. Maji hufuata mkondo: kama naye huwa anachungulia kimyakimya kama wewe, basi kwa siku kumi na moja ameamka akakuta baba yake, aliye peke yake kibandani, haonekani.

Kuchungulia kumekusaidia miezi minane, sasa basi. Usimtumie picha ya maua wala usimwandikie "mambo". Mpigie leo akitoka zamu. Akisema, "Baba," usimjibu, "Haya." Mwambie siku ile cherehani haikuwa na uzi.